Mlango Niliomfungia Wifi Yangu

Mwanangu, siku niliyomfungia wifi yangu mlango naikumbuka kuliko hata siku ya harusi yangu. Kabla hujasafiri, keti nikusimulie, na usinikatize, maana nikikatizwa husahau nilipofika.

Wifi yangu huyo, Echata, kaka yangu Omari alimuoa kisiwani Ngazija, huko Komoro, akamleta hapa Amu. Tulimpa chumba cha ndani kabisa, mbali na mlango, chenye kuta nene na vidaka ukutani vya kuwekea vyombo vya kaure. Bibi harusi yeyote wa Amu angetamba. Yeye akaomba alale ukumbini, karibu na mlango wa nje! Tuliudhika, tukamkatalia. Mimi nilikuwa msichana mwenye ulimi mkali, nikawaambia mashoga zangu kwamba Mngazija wetu anapenda kulala na paka. Walicheka, nami nikajiona nina akili.

Basi siku moja baada ya adhuhuri, Omari akiwa amevuka kwenda Pate kununua tumbaku, wachoma chokaa waliwasha tanuu nyuma ya mtaa wa Wiyoni. Magogo na mawe ya matumbawe hupangwa mviringo, yakachomwa mpaka mawe yawe chokaa. Kwetu hilo ni jambo la kawaida, tukinung'unika ni kwa sababu ya nguo zilizoanikwa. Upepo ukaleta moshi nyumbani. Echata alipounusa alipiga ukelele, "Tokeni! Tokeni nyote!" Akakimbilia nje kichwa wazi, bila buibui, na ujia umejaa wanaume watokao msikitini.

Mimi nilifikiria jina letu tu. Nikamvuta, nikamsukuma chumbani kwake, nikatia komeo kwa nje. Alipiga mlango kwa mikono miwili akiniita, "Wifi! Wifi!" Nami nikacheka, Mungu anisamehe. Kisha sauti ikakoma ghafla, nikaogopa.

Nyanya yangu, aliyekuwa akisali juu, alishuka akafungua. Echata alikuwa sakafuni amezimia, vidole vinatoka damu. Tulimmwagia maji akazinduka.

"Una nini, mwanangu?" Nyanya akamuuliza. "Huu ni moshi wa chokaa tu."

Akatueleza kwa shida. Kwao kuna mlima unaowaka. Ardhi hutetemeka, kisha mlima hutoa moshi na harufu. Alipokuwa mdogo, shangazi yake na wanawe walijifungia ndani wangoje moshi upite. Walikutwa wote wamekufa kwa kukosa pumzi, hakuna hata mmoja aliyeungua. Tangu hapo wao wakinusa moshi hutoka mbio, hawangoji kuvaa.

Nyanya hakunipiga. Aliniambia, "Wewe nti yako, ardhi yako, haiyatetemeka hata siku moja, ndipo ukapata meno ya kucheka." Ningepigwa ingekuwa afadhali.

Omari aliporudi alimkuta mkewe amefunga mzigo, anataka kurudi kwao. Ndoa ya kaka yangu ilikuwa inavunjika kwa mkono wangu. Kesho yake asubuhi nilimwita seremala aling'oe lile komeo, nikampa Echata mwenyewe. Tukakihamishia kitanda chake ukumbini. Kisha nikaenda kwa fundi wa tanuu, mzee mmoja wa Shela, kumwomba atuarifu kabla ya kuwasha. Nilidhani atanicheka, lakini alikubali. Tangu siku hiyo hakukosa kutuma mtu: "Mwambieni Bi Echata kesho tunawasha." Siku za moshi nilikaa naye barazani, mlango wazi, tukishona.

Basi akabaki, akazaa watoto watano.

Miaka baadaye alinichukua kwao kuwatembelea. Siku ya tatu ardhi ilitikisika. Wenyeji waliona ni mtikisiko mdogo usio na moshi, wakatoka kwa utaratibu wao, lakini mimi, mwana wa Amu, nilipiga kelele nikakimbilia njiani kichwa wazi, mkononi nimeshika upawa wa wali! Watu wakaanza kucheka. Echata akaja na buibui langu, akanifunika taratibu, akawaambia, "Kwao ardhi haitetemeki. Msimcheke." Nililia pale pale.

Kwa hiyo mwanangu, mgeni akiogopa kitu usichokiogopa wewe, muulize kwao kulitokea nini. Mtu wa bara akiona maji ya bamvua yanapanda ngazi za forodhani akarudi nyuma, rudi naye. Akitaka kulala karibu na mlango, mtandikie hapo hapo, wala usimwone amekudharau.

Nenda, Mola akulinde kila nchi utakayokanyaga. Na siku ukikimbia kichwa wazi mbele ya watu usiowajua, akujaalie mtu wa kukufunika.