Sketi ya Bendi

Kofi la kwanza lilinikuta nimepiga magoti mkekani, sindano mkononi. Nilikuwa nayapiga bandi marinda ya sketi, mishono mirefu ya uzi mweupe, yasifumuke safarini. Ukimaliza unaiviringisha kwa kufuata marinda, unaisokomeza ndani ya soksi ndefu, nayo hutoka bila kunyanzi hata moja. Mchana nilikuwa niondoke Konde kuwahi meli. Kesho yake nipige ngoma Dar es Salaam na bendi ya chuo, ambayo wanaume wake huvaa sketi za miraba kama wapiga zumari wa Uskochi. Nyumbani sikuwa nimemwambia mtu.

Kaka yangu aliona sketi ya kike chumbani kwa kijana asiye na mke.

"Ya mtoto wa nani hii?"

Kofi la pili lilinipasua mdomo. Nikaisukuma sketi mbali isidondokewe na damu.

"Mtaje, nikaseme na babake kabla hajaja hapa na panga."

"Mwache aseme, utamuua," alisema Mama kutoka mlangoni.

"Hasemi huyu. Chuoni kafunzwa kuuliza tu."

Uongo ungeniokoa. Kijana aliyelala na msichana hupigwa, kisha husamehewa. Lakini mtaani kulikuwa na wasichana kadhaa wenye sketi za marinda, na kaka angebisha hodi kwao wote. Kwa nini kosa lisilokuwepo alipie mtu asiyekuwepo?

"Yangu," nikasema. "Naivaa miye. Ya bendi."

Alinitazama kama atazamwavyo mgonjwa. Hapo ilinipasa ninyamaze.

"Na hicho kikoi chako, kaka, kina miguu mingapi?"

Teke lake lilinitupa kwenye tendegu la kitanda, nikasikia kichwa kikigonga. Aliikamata sketi, akaikanyaga upande mmoja, akauvuta wa pili kwa mkono; nyuzi zikakatika moja moja. Nikamng'ata kifundo cha mkono mpaka nikaonja damu yake. Alinipiga ngumi ya sikio, nami sikuachia. Mama akaingia na mchi, akampiga yeye begani, mimi mgongoni, kwa nguvu ileile. Kaka akatoka ameshika mkono, anatukana.

Rinda moja lilikuwa limechanika kutoka kiunoni.

Mama alikaa chini, akaigeuza sketi huku na huku.

"Kheri ingekuwa ya mtoto wa watu," alisema.

Kisha akalishika lile rinda kwa mikono miwili, akalinyoosha ili nishone. Hakunitazama.