Harufu ya Goti la Mama

Mama yangu alichuma kahawa kwenye miteremko ya Kangundo hadi goti lake la kulia likakataa kupanda. Tangu hapo akawa mtu wa dawa ya kuchua, ile ya mkebe mdogo inayonuka kafuri na mkaratusi. Kila asubuhi alipandisha gauni, akalichua goti polepole mpaka ngozi ikang'aa. Kwanza ilimpa ubaridi, kisha joto likaja, naye akafumba macho. Uso wake ulikunjuka hapo tu.

Kaka yangu, anayeishi Syokimau, hakuipenda harufu ile. Alimletea dawa nyingine ya tyubu, ya bei, isiyonuka kabisa. Mama aliijaribu kwa muda.

"Mwaitu, inasaidia?" nilimuuliza, nikimwita mama kwa Kikamba.

"Hii ni kama kupakwa mate," alisema. "Haichomi. Nitajuaje inafanya kazi? Ile yangu naisikia ikiingia. Ni kama mtu amenishika."

Baba alikuwa ameshafariki. Hakukuwa na mtu mwingine wa kumshika.

Binti wa kaka alipoposwa, mimi na mama tulienda Syokimau. Safari ilimkaza goti, kwa hiyo tulipofika alikaa kitandani akajichua. Mke wa kaka aliingia, akafungua madirisha yote.

"Mum, wageni wako karibu kufika, na hiyo harufu imejaa nyumba nzima. Si uoge kidogo?"

Mama hakubishana. Alioga maji ya moto, na yale maji yakaichochea dawa. Nikiwa nje ya mlango nilimsikia akiguna. Alipotoka, mguu ulikuwa mwekundu na harufu imezidi, imepanda na mvuke. Mke wa kaka akachukua kiti cha plastiki, akakiweka nyuma ya nyumba, kando ya tangi la maji.

"Hapa kuna hewa nzuri, mum."

Kaka aliona. Alikuwa amesimama mlangoni na kreti ya soda. Akaitua chini, akatoa simu, akaanza kuiangalia.

Tulikula huko nyuma, mama na mimi, sahani mapajani. Ndani tulisikia mzee mmoja wa upande wa kijana akiuliza nyanya wa msichana yuko wapi. Kaka akajibu kwamba amechoka, amelala.

Mama aliacha kutafuna. "Kwani nimekuwa harufu?" aliniuliza.



Siku hizi anaishi nami hapa Machakos mjini, na mimi ndiye ninayemchua. Vidole vyangu vinanuka hata kazini, na watu huniuliza ninaumwa wapi. Juzi kaka alipiga simu, akataka mama aende kwao Krismasi. Nikampa mama simu. Alisikiliza, akasema goti linamsumbua, safari hataiweza, akanirudishia.

Goti halikuwa likimsumbua. Alikuwa ametoka sokoni kwa miguu.