Kompyuta ya Mama Anitha na Hekima ya Mazizi Sita

Hana Chilewa alikuwa mpiga chapa, tena si wa kubahatisha. Alipiga bila kutazama vidole, huku akisemezana na jirani na kumfukuza kuku kwa mguu, na barua ikatoka haina doa. Shirika la umma alilolitumikia miaka kumi na sita lilipouzwa, mnunuzi alibaki na majengo na magari, watu akawapunguza. Hana alitoka na kiinua mgongo chake na mashine ya taipu ambayo hakuna aliyeitaka, akaweka meza kwenye baraza moja karibu na mahakama, hapo Dodoma mjini. Waomba viwanja, waomba kazi na watu wenye kesi za mbuzi wote walipita mezani kwake. Lakini hao walikuwa wa chumvi na sabuni. Riziki yenyewe, ile iliyonunua mahindi ya mwaka na kumlipia ada binti yake Anitha, ilikuwa mitihani ya sekondari ya Mwalimu Seth.

Mwalimu Seth alikuwa mkuu wa shule, mtu wa koti hata jua likiwa la kuchoma kisogo. Kila mwaka alimletea Hana mitihani yote, naye akaipiga kwenye stensili, zile karatasi za nta za kutolea nakala, ambazo neno likishachapwa halibadilishwi. Mwaka wa tisini na tisa alikuja mikono mitupu. Marafiki wa shule kutoka ng'ambo walikuwa wamewaletea printa. Printa peke yake, bila kompyuta. Mungu ndiye anayejua kama walidhani kompyuta huku inajiotea porini kama mlenda.

"Mama Anitha," alisema, "mambo ya stensili yamepitwa na wakati. Mwaka huu mitihani inapigwa kwa kompyuta. Ukiwa nayo Ijumaa ya wiki ijayo, nakuletea printa na kazi ni yako. Usipokuwa nayo, kuna vijana wamefungua ofisi Barabara ya Saba. Na nikishawazoea wao, unajua tena."

Hana alijua. Alirudi nyumbani Chang'ombe miguu ikiwa mizito, akaenda moja kwa moja kwa mpangaji wao wa nyumba ya uani, kijana Gaudence, fundi wa kompyuta za Bunge.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Gaudence, kompyuta inauzwaje?"

Gaudence alimtajia. Hana akaketi kwenye kizingiti.

"Hiyo ni kompyuta nzima, mama, bei ya waheshimiwa," kijana alimtuliza. "Wewe nunua spea moja moja, mimi nitakuungia hapo hapo kwenye meza ya chakula." Akamwandikia orodha: kasha, pawasaplai ya kuleta umeme, madabodi ambayo ni ule ubao mpana unaobeba vingine vyote, prosesa ambayo ndiyo akili yenyewe, ramu, hadidiski, kibodi na monita. "Mimi nasafiri kikazi mpaka Jumapili. Nendeni kwa dada Zaitun, Barabara ya Sita, mchukue vyote kwake. Yeye anajua kipi kinakwenda na kipi."

Maneno hayo yalikuwa mepesi na ya wazi, na yangefuatwa kama Hana hangekuwa na mume.

Daudi alikuwa dalali wa ng'ombe mnadani Msalato. Hakujua kompyuta, lakini alijua kununua, na kwake kununua kulikuwa kumoja tu. Aliisoma orodha mara mbili akaikunja.

"Vyote kwa mtu mmoja? Mama Anitha, huyo kijana ni mtu wa Moshi, ng'ombe wao mmoja anafungwa nyuma ya nyumba kwenye migomba. Hajui."

Kisha akatoa hadithi ambayo nyumba nzima iliijua, pamoja na kuku. Mwaka ule wa homa ya mapafu, mjomba wake wa Haneti alikuwa na ng'ombe themanini, wote zizi moja. Wiki tatu, akabaki na fimbo. Baba yake Daudi alikuwa na arobaini tu, lakini aliwagawa kwa ndugu na marafiki, mazizi sita, kutoka Haneti mpaka Mtera. Ugonjwa uliingia mazizi mawili, manne yakapona. Hana mwenyewe aliolewa kwa ng'ombe wa yale manne, kwa hiyo hakuwa na ulimi wa kuipinga hekima hiyo. Moyo ulimwambia hapana, mdomo ukasema, "Haya, Baba Anitha."

Jumamosi, kwa mara ya kwanza katika miaka kumi, Daudi hakwenda mnadani. Alivaa kofia yake ya kazi, akachukua na fimbo. Kwa Zaitun walinunua madabodi na hakuna zaidi.

"Na prosesa yake je?" Zaitun aliuliza.

"Tunayo mahali," alijibu Daudi, kwa sauti ya mtu mwenye mifugo mingi.

Prosesa waliipata Majengo sokoni, kwa Petro, aliyekuwa na kibanda cha redio na mitumba ya vyombo vya umeme. Daudi aliigeuza, akahesabu pini zake kama anayehesabu meno, akaipumulia. "Mbona imekonda hivi?" alisema kwa sauti ya kusikika na majirani. Petro aliapa kuwa ndivyo zilivyo, hata Ulaya. Bei ikashuka. Ramu walichukua kwa mtu wa tatu, hadidiski kwa wa nne, ambaye aliulizwa imetokea wapi na kwa nini mwenyewe wa kwanza aliiachia. Huyo huyo alikuwa na pawasaplai tano. Daudi alizipima zote kwa mkono, akachagua nzito kuliko zote, maana mnyama mwepesi ana minyoo. Kasha na kibodi kwa mtu wa tano, monita kwa wa sita. Mazizi sita kamili. Walirudi na mkokoteni, Daudi akitembea nyuma yake na fimbo, na Hana akaona aibu kidogo, na fahari kidogo pia.

Jumapili baada ya ibada Gaudence alitandaza kila kitu mezani. Aliinyanyua pawasaplai akatikisa kichwa kwa heshima. "Hii ni nzuri sana. Nzito ndiyo yenye shaba ya kutosha. Nani kachagua?"

Daudi alikohoa.

Kisha Gaudence akashika madabodi kwa mkono mmoja na prosesa kwa mwingine, akavilinganisha. Ule ubao ulikuwa na mfereji mrefu mwembamba, wa kuchomeka kitu kilichosimama wima kama kanda ya redio. Prosesa ilikuwa kigae cha mraba chenye pini mamia, kinachotaka kulazwa kwenye vitundu. Vitundu havikuwepo.

"Baba," alisema taratibu, "hii haiingii hapa."

"Ikandamize."

"Hata ukiikalia, baba. Ubao huu una prosesa yake na prosesa hii ina ubao wake. Kwa dada Zaitun hamkwenda?"

"Tulikwenda," alisema Hana. "Tukanunua robo."

Aliondoka mezani akaenda jikoni, na huko alilia, si kidogo. Siku zilikuwa tano. Kiinua mgongo kilichobaki kilikuwa kimelala pale mezani, vipande vipande visivyosalimiana. Alimkasirikia Daudi, akawakasirikia na ng'ombe wa Mtera, lakini zaidi alijikasirikia mwenyewe, kwa kusema "haya" wakati moyo umekataa. Daudi alikuja akasimama mlangoni na kofia mkononi.

"Kesho nakwenda mwenyewe," Hana alimwambia. "Ukija, uje bila fimbo. Na usiseme kitu."

Jumatatu alianza kwa Zaitun. Ubao wa vitundu hakuwa nao, na fedha harudishi, kibao kilikuwa kimeandikwa hivyo ukutani. Wakashuka Majengo. Petro alipowaona tu aliinua mikono.

"Mali ikishatoka hairudi, mama!"

"Sikurudishii. Nauliza, ubao unaokwenda na prosesa hii, unao?"

"Ninao mmoja, umekaa hapo toka Pasaka."

"Sasa mbona Jumamosi hukusema?"

"Mzee alitaka prosesa. Alisema vingine anavyo mahali."

Daudi alifungua mdomo. Hana akamtazama, naye akaufunga.

Hana alimpa Petro ule ubao wa Zaitun wabadilishane. Petro akasema wake una thamani zaidi, aongezewe. Cha kuongeza Hana hakuwa nacho. Alitazama kibanda, akaona kwenye msumari karatasi tatu zilizoandikwa kwa mkono, zote na muhuri mwekundu.

"Hizi ni nini?"

Petro aliguna. Lilikuwa ombi lake la leseni ya biashara. Mara tatu amelipeleka, mara tatu wamelirudisha: andika upya, andika vizuri, piga chapa. Mgambo walikuwa wamekwisha mfungia kibanda mara mbili.

Hana alizisoma zote amesimama, na pale pale akarudi kuwa karani wa miaka kumi na sita. "Hapa umeandika kama unamwandikia shemeji yako. Huna kumbukumbu namba, huna yahusu, nakala hujamtajia mtu. Nitakupigia usiku huu, nakala tatu. Wasipolipokea, ubao wako nitaurudisha kwa mikono yangu."

Petro alimtazama, akaitazama na mihuri yake. Akaingia chini ya meza, akatoka na ubao umejaa vumbi.

Ombi likapokelewa Jumanne asubuhi. Jumatano jioni Gaudence alibonyeza kitufe, feni ikavuma, monita ikawaka buluu, na Hana akapiga vigelegele mpaka majirani wakaja kuuliza nani kajifungua. Daudi aliwaonyesha pawasaplai. Hana akampelekea Mwalimu Seth habari, akaletewa mitihani iliyoandikwa kwa mkono, na Alhamisi nzima hakuinuka kitini. Vidole havikuwa na la kujifunza. Herufi zilikaa pale pale zilipokaa miaka yote.

Ijumaa saa nne Mwalimu Seth alifika, printa nyuma ya baiskeli imefungwa kwa mipira. Gaudence akaiunganisha. Mwalimu alisimama nyuma ya Hana, mikono mgongoni, akausoma mtihani wa historia kwenye kioo.

"Hapo swali la pili," alisema. "Ningependa iwe 'fafanua' badala ya 'eleza'. Lakini basi, umeshapiga."

Hana alibonyeza mara chache. "Eleza" likaondoka. "Fafanua" likakaa. Hakuna kidonda wala wino mweupe, kama neno la kwanza halikupata kuzaliwa.

Mwalimu Seth aliinama mpaka pua ikakaribia kioo.

"Yaani inawezekana kubadilisha?"

"Inawezekana, Mwalimu."

"Chochote?"

"Chochote. Na kazi ni yangu?"

"Kazi ni yako, Mama Anitha, mwaka huu na mwaka kesho," alisema, akavuta kigoda. Kisha akafanya jambo ambalo hakuna mtu Dodoma aliyewahi kuliona. Alivua koti. "Hebu turudi swali la kwanza."

Saa nane walikuwa swali la tatu la kidato cha kwanza. "Fafanua" lilikuwa limekuwa "jadili", likawa "eleza" tena, likarudi kuwa "fafanua". Miaka yote ya stensili mtu huyu hakuwahi kugusa hata nukta. Saa kumi na moja alikuwa anafikiria kama mtihani wenyewe usianzie mwisho.

Hana aligeuza kichwa kuelekea jikoni, vidole vikiendelea.

"Baba Anitha," aliita, "ongeza maji kwenye sufuria ya ugali. Mgeni haondoki leo."