Nilikataa kutua Mlali upepo ukipiga ubavuni, bosi akaniita mwoga

Wakuu, salaam. Haya yamenipata mwenyewe, sijaongeza chumvi.

Mimi ni mwanamke, rubani wa ndege ndogo ya injini moja. Niliajiriwa na mzee mwenye shamba la mboga Mlali, ana kiwanja chake cha ndege, cha vumbi, humo humo shambani.

Siku hiyo nilimbeba yeye na mkewe kutoka Dar. Walikuwa wanawahi posa ya binti yao, wageni wameshafika.

Tumefika saa nane mchana, upepo unashuka milima ya Uluguru kwa fujo, unakatisha kiwanja.

Kwa msiojua: upepo wa mbele unakusaidia kutua. Wa ubavuni unakutoa nje ya njia. Ukilazimisha, bawa linagusa chini, mnabiringika.

Nikageuza pua kuuelekea upepo, nikashuka. Nimekanyaga pedeli ya kugeuzia mkia mpaka mwisho, bado tunasogezwa kwenye mtaro wa kumwagilia. Nikaitia injini moto wote, tukapaa.

"Mbona hutui?" bosi akauliza.

"Upepo umezidi mzee. Najaribu mara moja tena tu."

Mara ya pili bawa moja likanyanyuka ghafla, mama wa watu akapiga yowe. Nikapaa tena.

"Shusha ndege! Ndege ni yangu!"

"Ni yako mzee, ila rubani ni mimi. Mafuta yapo, tunarudi Dar."

Akafoka sana. Mkewe ndiye aliyemnyamazisha: "Baba Neema, mwache dada afanye kazi yake. Wageni watakula, watalala."

Tukatua Dar salama. Mama akanishika mkono. Mzee akapita kama hanioni.

Kesho yake simu: kazi basi. Akatangaza kwa watu kwamba mwanamke mwoga kamwaibisha mbele ya wakwe.

Sawa. Posa ilifanyika wiki iliyofuata, na baba mtu alikuwepo, mzima, anakula pilau.

Juzi rubani mwenzangu kaniuliza kama aichukue ile nafasi. Nikamwambia chukua, ila kwanza kasimame pale kiwanjani saa nane mchana.

Nilichojifunza: "hapana" ya rubani isisubiri ruhusa ya mwenye ndege. Kazi nimepoteza, na leo hii ningekataa tena.

Nyie mnaosema rubani mzuri hashindwi na upepo, uwanja ni wenu. Nipo, nawasoma.