Ukungu kwenye picha za kina mama: nilivyolaumu unga wa fleshi bure

Wakuu wa daftari hili, salaam kwenu nyote, mliokwama na mliokwamuka.

Nimelikuta hapa mkahawani juu ya meza ya kona, limejaa madoa ya chai kama kawaida yake, nikaona kuna kurasa tupu. Nikasema leo na mimi niandike. Siku zote mimi ni mtu wa kusoma shida za wapiga picha wenzangu na kujibu chini kwa kujidai, kumbe yangu nimeikalia.

Nitakayoyaandika yamenipata mimi mwenyewe, nyumbani kwangu hapa Kariakoo. Mke wangu Mwajuma yupo, mwenye shaka akamwulize. Ila mkienda jiandaeni, maana yeye huyasimulia huku anacheka, na ananisema vibaya kuliko nitakavyojisema hapa.

Kwa asiyenijua: nilifanya kazi miaka mingi kwenye studio ya Mhindi mmoja kule mjini. Kule paa la chumba cha picha ni la kioo, jua linaingia lenyewe, wewe kazi yako kuvuta mapazia tu. Nilipoacha nikanunua kamera ya mbao iliyokwishatumika, nikafungua studio nyumbani. Chumba cha mbele, mkono wa kulia ukiingia ukumbini.

Nia yangu ilikuwa kina mama. Wanawake wetu wengi hawawezi kwenda mjini kukaa mbele ya mwanamume asiyejulikana kwao. Kwangu wanapita mlango wa uani baada ya alasiri, wanavua buibui chumbani kwa Mwajuma, wanatengenezwa, kisha Mwajuma anawaleta mbele ya kamera na anakaa nao palepale. Dirisha limefungwa.

Ndiyo maana natumia fleshi, ule unga unaowashwa ukatoa mwanga mkali wa mara moja. Najua kuna mtu ataandika chini kwamba si ningefungua dirisha tu. Ndugu yangu, fungua dirisha Kariakoo saa kumi jioni uone. Utapata picha ya mama mmoja na watazamaji kumi na wawili.

Basi, twende taratibu.

Mwanzoni fleshi ilinitesa kama inavyowatesa wote. Nyuso zilitoka nyeupe kama zimepakwa unga wa muhogo. Nikatundika kipande cha kitambaa cha marekani mbele ya mwanga, mbali kidogo ili kisiungue, nyuso zikatulia. Ukutani nyuma ya mtu kukawa na kivuli kikubwa cheusi. Nikasogeza kiti mbele hatua tatu na kunyanyua mwanga juu ya kichwa changu, kivuli kikaanguka chini. Hayo mawili yachukueni bure.

(Na jamani, msiwashe unga huu chini ya paa la makuti. Mimi paa langu ni la madebe na bado Mwajuma huweka ndoo ya maji mlangoni.)

Jambo la tatu ndilo lililonishinda. Ukungu.

Picha inatoka, mtu yumo, lakini kama amekaa nyuma ya chandarua. Macho hayaonekani vizuri, kanga haina maua, mkufu wa dhahabu umekuwa kama uzi. Halafu si picha zote. Wanaume waliokuja asubuhi, kwa fleshi hiyohiyo, walitoka safi kabisa. Kina mama wa jioni ndio waliopotea.

Hapo mwenye akili angesimama ajiulize. Mimi sikusimama. Nilikuwa na jibu langu tayari, kwamba unga wa jioni umenyonya unyevu wa mchana kutwa. Nikauanika juani kwenye sinia, ukungu ukabaki. Nikabadilisha dawa za kusafishia picha, ukabaki. Nikakagua ile ngozi ya kamera inayokunjuka kama ina tundu, nikaingia nayo chini ya shuka nyeusi na kibatari, nikaunguza nyusi. Tundu sikuona.

Katikati ya hayo ndipo akaja Bi Rukia.

Bi Rukia ni mama wa Kiarabu wa njia ya kwenda Ilala, mjane, anauza viungo dukani kwake tangu mumewe yuko hai. Ana binti mmoja tu, Asha, ambaye alikuwa ameolewa mwezi huohuo na karani wa stesheni ya Kigoma. Jumamosi wanaondoka na treni. Bi Rukia miguu imemvimba, safari ya namna ile haiwezi, na wote wawili walikuwa wanalijua hilo bila kulisema. Hakuwahi kupigwa picha maisha yake yote. Asha alitaka moja tu ya kwenda nayo.

Nikampiga. Ukungu.

Nikamwomba arudi baada ya siku mbili, Mwajuma akampokea kwa heshima mara mbili ya ile ya kwanza kwa sababu ya usumbufu tuliompa. Nikaongeza unga. Ukungu ukazidi! Safari hii uso haukuwepo kabisa, palikuwa na weupe juu ya mtandio.

Asha alipokuja kuchukua, aliitazama, akaifunika kwa kiganja, akaondoka nayo. Kesho yake nikaenda dukani kwa mama yake kumwomba aje mara ya tatu. Alikuwa anapima bizari, wala hakuinua kichwa.

"Mwanangu, usinipige tena," akaniambia. "Mara ya kwanza nilififia, mara ya pili nimefutika. Nimeshaelewa. Na Asha ameelewa."

Wakuu, niliondoka pale na maneno hayo. Mtu amekuja kwangu kutafuta picha ya kumwachia mwanawe, mimi nimempa habari ya kifo chake.

Badala ya kukaa nikafikiri, hasira zikanipanda. Nikabeba kopo la unga mpaka kwa muuzaji, nikamfokea mbele ya wateja wake kwamba ananiuzia majivu. Yule bwana ni mpole sana, sijui amezaliwaje. Akachota kidogo kwa ncha ya kisu, akatoka nje, akawasha. Mwanga mweupe safi, mpaka kuku wa jirani wakakimbia. Akaniambia unga hauna kosa, nirudi nyumbani nikae mimi mwenyewe kwenye kiti, kwa unga uleule na kamera ileile, nione.

Nikarudi nimenuna. Nikamfundisha Mwajuma kufungua kifuniko cha lenzi, kuwasha, na kufunika. Nikakaa. Akanipiga mara moja tu, tena kwa kunicheka.

Nikaisafisha. Wakuu, nilitoka safi kama nimechorwa. Pengo langu la jino linaonekana. Kovu la nyusi nilizounguza linaonekana.

Mwajuma akachungulia begani kwangu, akasema, "Hee, umetoka vizuri, na wala hukufukizwa."

Nikamgeukia. "Kwani wao unawafukiza?"

Alinitazama kama nimemwuliza kama huwa anaoga.

"Mgeni aingie kwangu, avue buibui, nimkalishe kwenye kiti apigwe picha ya kuwekwa miaka yote, bila udi? Mimi nimelelewa wapi?"

Jamani. Kila jioni, kabla sijatoka msikitini, mke wangu alikuwa anaingiza chetezo ndani ya chumba kile kilichofungwa dirisha, anafukiza chumba, anafukiza kiti, anamfukiza mgeni nywele na nguo. Wanaume wa asubuhi hawakufukizwa, basi wakatoka safi. Na Bi Rukia mara ya pili, kwa kuwa tulimsumbua, alitiliwa ule udi mzuri uliobaki kwenye harusi yetu. Kwa wingi.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba mimi nilikuwa naingia na kuusikia. Nilikuwa hata nasema, "Leo chumba kinanukia." Na moshi naujua! Unga wa fleshi wenyewe ukishawaka unatoa moshi, na kila baada ya picha moja nafungua mlango utoke kabla sijapiga ya pili. Hilo nilifundishwa, nalifanya bila kukosa. Lakini udi sikuwahi kuuhesabu kuwa moshi. Moshi ni wa kuni, wa taa, wa treni. Udi ni harufu. Tangu nazaliwa udi ni harufu, na nisingeukumbuka hata ningekagua ile kamera mpaka leo.

Ile fleshi ikiwaka ilikuwa inamulika moshi wa udi kwanza, Bi Rukia baadaye.

Hiyo ilikuwa Alhamisi. Tukatoka palepale mimi na Mwajuma mpaka kwa Bi Rukia, na picha yangu mkononi. Nikamwamkia, nikamweleza yote kwa aibu, Mwajuma naye akakiri sehemu yake.

"Mama, hujafutika," nikamwambia. "Umefunikwa na udi tu."

Aliichukua picha yangu, akaitazama, akanitazama mimi. Kisha akaanza kucheka, akacheka mpaka akashika meza, na machozi yakamtoka, na yale machozi hayakuwa ya kicheko peke yake.

"Siku zote hizi," akasema, "nimekuwa naaga watu moyoni. Hata yule muuza maziwa."

Ijumaa baada ya sala ya alasiri akaja. Nguo zake zilifukizwa kwao tangu asubuhi na kuanikwa zipigwe upepo, hilo hakukubali kulipunguza. Kwangu mlango ulikuwa wazi tangu adhuhuri na chetezo kiko uani, kimezimwa. Mwajuma hakuwa na raha, alizunguka kile kiti kama kuna kitu amesahau. Nikafunga mlango, nikapiga moja. Sikuhitaji ya pili.

Jumamosi asubuhi Asha akapita, mizigo yake imeshatangulia stesheni. Nikampa. Aliitazama muda mrefu. Bi Rukia alitoka kama alivyo: kile kidoti cha shavuni, nyusi, yale macho yake yaliyochoka kidogo na yanayotaka kukutania. Asha akagusa pembe ya picha kwa kidole.

Halafu akainyanyua akainusa.

"Inanuka dawa," akasema kwa sauti ndogo. "Mama hanuki hivi."

Akalia. Siku zile zote za ukungu hakulia mbele yetu, sasa picha imekuwa nzuri ndiyo analia. Mimi nikabaki nimesimama sijui nishike nini.

Mwajuma akaenda uani, akapuliza makaa, akarudi na chetezo. Wakaishika ile picha wawili juu ya moshi, huku na huku, upande wa mbele na wa nyuma, taratibu kama wanavyofukiza nguo ya mtoto. Wakaifunga kwenye kanga ya Bi Rukia. Asha akaondoka nayo ameikumbatia.

Bi Rukia yupo, namshukuru Mungu. Zile mbili za ukungu amezitundika dukani juu ya mizani. Mteja akiuliza anamwambia, hapa nilikuwa nakwenda, na hapa ndiyo nimekwenda kabisa, sasa niambie unataka bizari kiasi gani.

Nilichojifunza, wakuu, ni kimoja: kabla hujalaumu unga, uliza ndani ya nyumba yako kinafanyika nini wakati wewe hupo. Udi siku hizi unawaka kwangu kama zamani, lakini baada ya picha. Hakuna picha ya mama inayotoka mlangoni kwangu bila Mwajuma kuifukiza kwanza.

Kurasa bado zipo. Mwenye picha za ukungu alizozificha sandukuni aandike hapa chini tuzione pamoja. Na yule muuza unga, kama utalisoma daftari hili, nimekuja dukani mara mbili kukuomba radhi na sikukukuta. Kesho nakuja tena.