Shimo Nililosema Nimeliziba

Haya sikusimuliwa na mtu. Niliyaona mwenyewe, mchana, sijaonja pombe. Kama ningekuwa natunga, ningetunga kitu cha kunipa sifa.

Mwaka ule vita na Wajerumani vilipoanza mara ya pili, vijana wa masetla walikuja kujifunza kurusha ndege kwenye uwanja wa nyasi, chini ya shamba la majani chai huku Kericho. Mimi, mtu wa ziwani, na mwenzangu Kiprono, Mkipsigis wa Kimulot, tulikata nyasi na kuziba mashimo ya muhanga, yule mnyama anayechimba akitafuta mchwa.

Asubuhi moja, zamu yangu, niliona shimo. Udongo ulikuwa mzito kwa mvua. Nikalifunika kwa nyasi, nikasema nitarudi nikishakunywa chai. Mwanafunzi mmoja mwenye nywele nyekundu akaniuliza kwa Kiswahili chao, "Shimo nakwisha?"

"Imekwisha, bwana."

Akanishukuru. Ndege yake ikakimbia, gurudumu likaingia shimoni, ikapinduka na kuwaka moto naye ndani.

Mwalimu wao akauliza ilikuwa zamu ya nani. Nikasema ya Kiprono. Neno lilinitoka haraka, kama mtu anayekohoa. Kiprono alichapwa viboko mbele yetu, akafukuzwa.

Baada ya wiki mbili, ndege zote zikiwa zimepelekwa Nairobi, nilikuwa peke yangu uwanjani. Saa kumi hivi ukungu ukashuka, na manyunyu. Nikaona mtu anakuja ameinama, anapapasa ardhi kwa mguu. Alivaa kofia yao ya ngozi. Alipofika karibu nikamtambua. Hakuwa na alama ya moto popote, na nguo zake zilikuwa kavu, mimi nikiwa nimelowa chepechepe. Unadhani nilikimbia? Nilisimama nikamngoja.

"Shimo nakwisha?"

Niamini, nilijua ni nani na anauliza nini. Ningeweza kusema hapana. Nani angenichapa?

"Imekwisha, bwana," nikasema.

"Asante." Akaingia kwenye ukungu. Nikasikia injini ikinguruma, ikaenda mbio, kisha ikakatika.

Niliacha kazi, nikaenda Kimulot kumwambia Kiprono ukweli. Mkewe aliniletea mursik, yale maziwa ya kibuyu.

"Umekuja mbali, ndugu yangu," Kiprono akasema. "Una neno?"

Alikuwa anajua. Akaningoja niseme. Mimi nikanywa, nikaongea habari za mvua, nikaaga. Alikufa sijarudi.

Mpaka leo ukungu ukishuka yule kijana huniuliza, nami humjibu vilevile. Mke wangu hudhani nazungumza peke yangu.

Wewe unayenisikiliza, kama kuna mtu umemsingizia na bado yuko hai, nenda kwake leo. Ukifika usikae, wala usipokee maziwa, kabla hujasema.