Viti vya Mama, kutoka Kadutu hadi Nyangezi

Mama yangu alikuwa anatimiza miaka sabini na mitano, kwa kadi yake ya ubatizo, na hajawahi kufanyiwa sherehe hata moja. Mimi ni mwalimu mjini, Kadutu. Kila mwaka namwahidi kwamba nitakuja kijijini kwake Nyangezi tusherehekee, kisha napata sababu. Siku hizi presha yake inapanda ovyo. Niliogopa kwamba nikiahirisha tena, safari yangu itakuwa ya kumzika.

Siku mbili kabla ya kuondoka, akafa yule mwimbaji mzee aliyependwa na Kongo nzima. Redio zikawa zinapiga nyimbo zake tu, na sokoni niliona wanaume wazima wakifuta machozi. Nani angethubutu kucheza? Spika niliyokodi nikairudisha, nikajifunga kitambaa cheusi kichwani. Nikabaki na viti arobaini vya plastiki, turubai na sufuria mbili za nyama.

Saa moja asubuhi tulipakia kamioneti, gari dogo la mizigo. Dereva, Papa Bahati, alinichokoza kuhusu sherehe hata kabla hatujatoka mjini.

— Maman, hii fête yako iko ya kuficha?

— Papa, endesha tu.

Kwenye kizuizi cha kwanza, mlinzi alichungulia nyuma.

— Hizi viti iko za kilio ya nani?

Nikisema sherehe, ataniona sina utu.

— Ni za mama yangu.

— Pole sana, maman. Mupite.

Sikumsahihisha. Kando yetu alisimama kijana wa pikipiki, jirani wa mama, ambaye nilimtambua baada ya kusema. Aliinamisha kichwa, akatupita mbio kuelekea Nyangezi. Nilimwita, hakusikia. Papa Bahati naye alikanyaga mafuta, lakini kwenye mashimo yale kamioneti haiwezi kuifukuza pikipiki. Nilishika rozari na kukosea hesabu ya sala kila kumi. Mtu mzima, mwalimu, nimemuua mama yangu kwa mdomo!

Karibu saa nne tulifika Nyangezi, na vilio vikatupokea tangu barabarani. Hapo nilisahau kwamba uongo ni wangu. Nilidhani amekufa kweli. Niliteremka kabla gari halijasimama, nikakimbia.

Uwanja ulijaa wanawake. Aliyegaagaa chini mbele ya mlango alikuwa mama mdogo Nabintu, mdogo wake mama. Miaka sita alikuwa hajakanyaga pale, tangu wagombanie migomba ya marehemu babu.

— Yoo, dada yangu! Migomba ubakie nayo yote! Urudi tu, dada!

Mama akatokea nyuma ya nyumba, akitoka shambani alikokuwa tangu alfajiri, amebeba majani ya mgomba ya kufunikia chakula. Wanawake walipiga kelele, wawili wakakimbia. Mimi nilitazama kifua chake tu, nikingoja aanguke kwa presha.

Hakuanguka. Aliweka majani chini polepole.

— Nani amesema mi nimekufa?

— Ni mimi, mama. Kule kwa kizuizi, niliogopa kusema fête.

Alikung'uta mikono yake. Kisha akamgeukia mdogo wake, aliyekuwa anajipangusa vumbi na kutafuta njia ya kutokea.

— Na wewe, unaenda wapi?

— Dada, nirudi kwangu…

— Ukuje mpaka hapa ulie, na urudi bila kula? Ikala chini.

Tulipanga viti. Tulimwombea yule mwimbaji, tukala bila muziki. Wale dada wawili walikula kwenye sahani moja. Mara wanacheka, mara Nabintu analia tena na mama anamwambia anyamaze, nyama inapoa.

Saa tisa alasiri Papa Bahati alipiga honi. Nilikwenda kuaga, nikiwa na maneno mengi ya kuomba msamaha. Mama hakunisindikiza hata hadi barabarani. Alinipungia mkono akiwa amekaa, mkono wa pili umeshika wa Nabintu, na hadithi yao ikaendelea.

Njiani kurudi nilielewa, na iliniuma kidogo. Miaka yote nimehangaika kwamba mama ananingoja mimi. Kumbe alikuwa anamngoja mdogo wake.